Rangi ya Kiwandani

Nilipostaafu, wenzangu wadogo wa karakana waliniomba niwaandikie namna ya kutambua bunduki ya zamani ya mitutu miwili ambayo rangi yake bado ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Niliwaambia jambo hilo haliandikiki, linaonekana tu. Wakasema basi niandike nilivyojifunza kuliona. Naandika, pamoja na ile mara moja ambayo sikuona.

Mimi ni mtu wa Merigi. Nilikuja Kericho mjini na cheti cha kupiga taipu, nikapata kazi katika duka la bunduki lililotaka mtu wa kuandika daftari. Sikuwa nimewahi kushika bunduki. Babu yangu alikuwa na upinde, na upinde hauhitaji leseni. Nyuma ya duka kulikuwa na karakana yenye benchi moja refu, vaisi mbili za kubania chuma na fundi mmoja, Mzee Mwangi. Wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri akiwa mtoto, na Kikipsigis alikuwa akikizungumza vizuri kuliko makarani wengi wa mjini. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani wakati yeye anaita kutoka nyuma au kuniletea kwa kikaratasi: namba ya bunduki, jina la mwenyewe, hali ya bunduki.

Siku ya kwanza ililetwa bunduki ya mzee mmoja. Mwangi alikuwa na shughuli, akaniambia niandike hali yake mwenyewe. Nikaandika, "Nzuri." Alikuja akifuta mafuta mikononi, akasoma, akaniuliza: "Nzuri kwa nani?" Akanipeleka dirishani, akatandika blanketi la kijani, akailaza bunduki juu yake, akaniambia niitazame mpaka nione vitu vitatu ambavyo sikuwa nimeviona. Nilikaa hapo hadi mvua ikaanza. Mvua ya Kericho haikosi miadi. Ikifika saa nane mchana mwanga unakufa, na ndiyo maana mpaka leo karakana yetu haikagui rangi baada ya chakula cha mchana. Wateja hudhani ni uvivu.

Miaka iliyofuata niliendelea kuandika daftari, lakini kila asubuhi nilikuwa kwenye dirisha lile. Nilijifunza kwamba bodi ya chuma, pale mitutu inapofungiwa, ilitoka kiwandani ikiwa na rangi za mawingu: bluu, kahawia, na rangi ya majani makavu, zimechanganyikana bila mpango. Rangi hizo hufa kwanza pale mkono unapobeba bunduki, zikabaki kama fedha iliyochakaa. Mahali pasipoguswa, kwa mfano chini ya wenzo wa kufungulia, zinadumu. Ukikuta bunduki imeng'aa pale kiganja kinapokaa lakini imefifia mahali palipofichika, ujue kuna mtu amepita hapo. Nilijifunza kupitisha ukucha kutoka kwenye chuma hadi kwenye mbao. Kiwanda kiliacha mbao imeinuka juu ya chuma kidogo sana. Mwenye msasa akipita, mbao inashuka, na ukucha wako unaanguka. Mifereji ya skrubu za kiwandani ni myembamba kama uzi na yote imeelekea upande mmoja. Bisibisi ya mkulima huiacha ikiwa na midomo iliyopasuka.

Sasa nangoja niulizwe kwa nini tunajisumbua na rangi, kama wateja walivyouliza kila wiki. Mwangi hakuwa na hotuba. Aliwaambia kwamba rangi ya kiwandani ni ushahidi kwamba hakuna aliyepita na tupa. Kutu ikila mtutu kwa nje inaacha mashimo, na njia rahisi ya kuondoa mashimo ni kupunguza chuma chote kinachoyazunguka. Ukimaliza, unaupaka mtutu rangi mpya na unapendeza, lakini ukuta wake umekonda, na ukuta huo ndio unaozuia moto usitoke pembeni.

Bunduki nyingi tulizoletewa zilikuwa za wazungu wa mashamba ya chai, walizoziacha kwa wapishi, madereva na manyapara wao walipoondoka. Nyingine zilikaa kwenye sanduku la ngozi katika bungalow ya meneja, na ngozi ikanywa ukungu wa Kericho mpaka chuma kikaota kutu chote. Nyingine zilifichwa juu ya dari ya jikoni, zikapakwa moshi miaka thelathini. Mama mmoja wa Bomet alileta ya namna hiyo akiomba radhi kwa uchafu. Mwangi aliifuta kwa kitambaa na mafuta siku mbili, polepole, na chini ya moshi tukakuta mawingu yote, kama jana. Katika habari ya kuhifadhi bunduki, jikoni palishinda bungalow mara nyingi kuliko ambavyo ningependa kukiri mbele ya wenye bungalow.

Baada ya miaka kama kumi niliacha taipu kabisa. Mwangi alikuwa mkali lakini hakunificha kitu, au ndivyo nilivyoamini. Mwenye duka aliniruhusu kutia sahihi barua za ukaguzi, zile zinazopelekwa ofisi ya leseni bunduki inapohamishwa kutoka jina moja hadi jingine. Barua ya kwanza niliyoiandika peke yangu, tangu kufungua bunduki mpaka kugonga muhuri, ilikuwa ya Mwalimu Rotich wa Kimulot.

Mwalimu Rotich alikuwa amestaafu ualimu, mzee wa kanisa, mwenye ekari mbili za chai na shamba la mahindi linalopakana na msitu. Bunduki ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa dereva wa meneja wa shamba. Alitaka iandikwe jina lake kwa sababu nyani na nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mahindi. Alizungumza taratibu, akachagua maneno kama anayesahihisha insha.

Nilipoifungua niliona kitu ambacho nilikuwa nimekiona mara chache. Mawingu yalikuwa kamili mahali palipofichika na yamefifia mahali pa kiganja, kwa kipimo kilekile ambacho mkono wa mtu ungefanya. Nakshi zilikuwa na makali. Mbao ilikuwa juu ya chuma. Skrubu zote zilielekea upande mmoja. Ndani ya mitutu hakukuwa na pete ya uvimbe wala kovu. Niliitundika mitutu kwa kidole, nikaigonga kwa mpini wa mbao, ikalia safi. Nikalinganisha namba ya chini ya mtutu na namba ya leseni, zilikuwa sawa. Kipimo cha unene wa ukuta hatukuwa nacho wakati huo. Mwenye duka alikiona ni anasa. Nikamwita Mwangi, si kwa sababu nilikuwa na shaka, bali kwa sababu nilitaka aone.

Alikuja, akaishika, akaigeuza mara moja tu. Nilimwambia sijawahi kuona rangi ya kiwandani iliyotunzwa namna hii. Akasema, "Ni kazi nzuri," akarudi kwenye vaisi yake. Nikaandika barua: rangi ya kiwandani, mitutu salama. Mwalimu Rotich alinishukuru kwa Kikipsigis, akaondoka nayo kwenye kifuko cha turubai.

Mahindi yalipoanza kuzaa mwaka uleule, siku moja saa moja asubuhi, Mwalimu alifyatua risasi moja kwa kundi la nguruwe. Mtutu wa kushoto ulipasuka chini ya mkono wake. Watu wa shambani walimfikisha hospitali, na madaktari waliokoa mkono lakini si vidole viwili vya mwisho. Habari zilitufikia siku ya tatu, polisi walipoleta bunduki wakitaka maelezo ya fundi.

Niliilaza kwenye blanketi dirishani. Chuma kilikuwa kimefunguka kama ganda la maharagwe, na ukingo wa mpasuko ulikuwa mwembamba kuliko kifuniko cha kopo la mafuta ya Kasuku. Hilo lilitosha kuniambia kwamba mtutu ulipigwa tupa. Nilichotaka kujua ni kwa nini sikuona. Nikachukua kioo cha kukuzia na kuanza upya kila mahali nilipopita mwanzoni. Rangi iliniambia ni ya kiwandani, na mbao pia. Nikafika kwenye namba ya chini ya mtutu.

Kiwanda hupiga namba kwa muhuri wa chuma, na chuma kilichopigwa muhuri huvimba kidogo pembeni. Namba hii haikuvimba. Ilikuwa imechongwa kwa mkono, tarakimu moja moja, na mtu aliyeondoa ile ya kwanza kwa tupa. Siku ya barua niliisoma ile namba, sikuitazama. Na tarakimu tisa ilikuwa na mkia ulionyooka, wenye ncha iliyopinda kidogo kushoto. Tisa hiyo nilikuwa nimeinakili kutoka kwenye vikaratasi vya Mwangi kila siku kwa miaka kumi.

Alikuwa kwenye benchi lake, mita tatu kutoka kwangu. Nilimpelekea mtutu na kioo. Hakuchukua kioo. Aliketi kwenye kigoda na kunieleza, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Alisema alipokuwa kijana, kabla ya duka hili, alifanya kazi kwa fundi mwingine, na watu waliorithi bunduki za wazungu walitaka zionekane mpya. Yeye akagundua kwamba anaweza kufanya zaidi ya hapo: angeweza kuzifanya zionekane kuukuu kwa njia ya haki, kana kwamba hakuna fundi aliyezigusa. Alichoma mkaa wa mifupa na ngozi kupata mawingu, akayafifisha kwa kiganja chake mwenyewe, jioni baada ya jioni.

"Hakuna mtu aliniuliza ukuta una unene gani," alisema. "Waliniuliza kama itapendeza ama haitapendeza."

Nikamuuliza kama aliitambua siku ile nilipomwita. Akasema aliitambua kabla sijaiweka mkononi mwake. Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha niandike.

"Ulisema ni ya kiwandani," alijibu. "Chebet, maisha yangu yote hakuna mtu aliwahi kunisifu hivyo."

Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichonisumbua zaidi: nilijua kwamba ningekuwa mimi, na kazi ikawa nzuri kiasi kile, sina hakika ningesema.

Tuliandika maelezo mawili, yangu na yake, tukayapeleka kwa polisi, mwenye duka na ofisi ya leseni. Mwangi aliacha kazi siku hiyohiyo, akaniachia vifaa vyote kwenye benchi. Mimi nilizuiwa kutia sahihi barua yoyote mpaka ofisi itakapoamua vingine. Niliendelea kusafisha bunduki na kupaka mbao mafuta ya kitani, kazi ambayo haimpasui mtu vidole. Mwenye duka alinunua kipimo cha unene wa ukuta wiki hiyo. Hakikuwa anasa tena.

Mwalimu Rotich alipotoka hospitali tulienda kwake Kimulot, Mwangi na mimi. Nilitaka kwenda peke yangu kwanza lakini Mwangi alikuwa amefika stendi kabla yangu, amevaa koti la kanisani. Mke wa Mwalimu alitupa chai na hakukaa nasi. Nilieleza upande wangu: niliisoma namba bila kuitazama, na barua ni yangu. Mwangi akaeleza wake. Mwalimu alikuwa ameweka mkono wenye bendeji juu ya goti, akatusikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikiliza watoto wakijibu swali, asiyetaka kuwakatiza.

"Siku ile yeye anaandika," alimwuliza Mwangi, "wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nje mke wake alikuwa akifukuza kuku kutoka kwenye majani ya chai. Nilidhani Mwalimu atatufukuza sisi pia, na angekuwa na haki.

"Vyangu vimeshaenda," akasema mwishowe. "Ulitengeneza ngapi namna hii?"

Mwangi alisema hajui, nyingi zilikuwa za kupaka rangi tu. Mwalimu akasema hakuuliza za rangi, aliuliza za tupa. Mwangi akafumba macho, akahesabu kwa vidole, jambo ambalo mahali pale halikupendeza kutazama. Ukiacha ile ya Mwalimu, zilikuwa tisa. Alikumbuka nyumba kuliko majina.

"Basi mtaenda kwa hizo nyumba zote," alisema Mwalimu. "Na mimi nitakuja."

Sikuelewa kwa nini alitaka kuja mpaka nyumba ya kwanza, huko karibu na Merigi, kwa watu waliomjua marehemu mama yangu. Nilizungumza lugha yangu, nikaeleza vizuri, nikaahidi kwamba tunapima tu. Mwenye bunduki alitupa maziwa, akatuombea baraka, akasema bunduki ile iliibiwa zamani. Watu wakisikia mgeni anaulizia bunduki ya baba yao, wanajua amekuja kuichukua. Mwalimu Rotich alitoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza kando ya kikombe, akaanza kuzungumza kuhusu nguruwe. Hakumlaumu mtu. Alieleza tu alisimama wapi, bunduki aliishika vipi, na alisikia nini. Kabla hajamaliza, mwenye nyumba alikuwa ameinuka kwenda kuitafuta ile iliyoibiwa.

Tulikwenda hivyo miaka miwili, Jumamosi kwa Jumamosi, tukipumzika wakati wa mvua kubwa. Mimi nilibeba kipimo. Mwangi alionyesha njia. Mwalimu aliweka mkono mezani. Mbili kati ya tisa zilikuwa zimerudishwa serikalini kitambo. Mbili zilikuwa zimebaki na chuma cha kutosha, tukawaambia wenyewe wazipime kila mwaka. Nne zilikuwa zimekonda, na wenyewe walikubali ziondoke; moja ya hizo nne ilikuwa na uvimbe mdogo pale mkono wa kushoto unaposhika, na mwenyewe alikuwa ameitumia wiki iliyotangulia. Nilimwonyesha uvimbe kwa kidole chake mwenyewe. Aliketi chini kwenye nyasi. Njiani kurudi nyumbani, Mwalimu alimgawia Mwangi nusu ya hindi lake la kuchoma, na Mwangi akalila.

Ya tisa ilikuwa Sotik, kwa mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mama Njeri. Mume wake aliinunua kwa mtu wa Kisii. Wakati huo Mwangi alikuwa amezeeka ghafla. Alirudia maneno, na mara mbili aliniita kwa jina la dada yake. Mama Njeri alisalimiana naye kwa Kikikuyu, akasema bunduki haijafyatuliwa tangu mume wake afariki na haitafyatuliwa, lakini hataki kuitoa nyumbani kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho marehemu alikuwa akikisafisha mwenyewe. Mwalimu aliuweka mkono juu ya kaunta. Mama Njeri aliutazama kwa muda, akaenda chumba cha nyuma kufungua kabati.

Mwangi alipoiona alisema mara moja, "Hiyo ni yangu." Alionyesha mawingu, akaonyesha namna yalivyofifia. Akasema anaikumbuka, aliifanyia kazi mwezi mzima. Akamwambia Mama Njeri kwamba lazima iondoke, na akaomba msamaha.

Niliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilianza na namba, kama nilivyofanya kwa kila bunduki tangu Kimulot. Tarakimu zilikuwa zimevimba pembeni, zilipigwa muhuri. Nikaingia chini ya wenzo, nikapitisha ukucha, nikatazama nakshi moja moja. Nikapima mtutu wa kulia mahali sita na wa kushoto mahali sita, nikarudia. Ukuta ulikuwa mzito kote. Nilikaa nayo muda mrefu kiasi kwamba mteja aliyekuja kununua misumari aliondoka bila misumari.

"Mzee," nilimwambia, "hii hukuigusa."

Alikataa. Akasema mkono wake anaujua. Nilimwambia hata mimi naujua, na hapa haupo. Nilimpa kioo, nikamshikia bunduki, nikamwelekeza kwenye namba. Alitazama muda mrefu. Aliigeuza, akatazama chini ya wenzo, akarudi kwenye namba.

"Kweli," alisema. "Hii ni ya kiwandani." Kisha, taratibu zaidi: "Ni nzuri kuliko zangu."

Tulimrudishia Mama Njeri bunduki yake, akaifunga tena kwenye kitambaa chake cha kitenge. Ofisi ya leseni ilikuwa imenirudishia ruhusa mwezi uliotangulia, na barua yake ndiyo niliyoitia sahihi kwanza. Niliiandika hapohapo kwenye kaunta. Aliniuliza kama ninahitaji muhuri wa duka lake. Nikamwambia hapana, lakini karatasi nyingine ingefaa, kwa sababu ile ya kwanza niliiharibu.

Mzee Mwangi alifariki mvua mbili baada ya hapo. Alizikwa kwenye shamba lake dogo nje ya mji, na watu wake wengi walitoka Nyeri, wasiomjua mtu yeyote wa huku. Mwalimu Rotich alikuja kutoka Kimulot asubuhi mapema. Wakati wa kufukia kaburi alivua koti, akachukua koleo, akalishika kwa namna aliyokuwa amejifunza upya. Mpwa wa marehemu alimwona akihangaika, akaja kumpokea, na akiutazama ule mkono akamwuliza alimjua mjomba wake kwa njia gani.

"Tulifanya kazi pamoja," alisema Mwalimu, na hakuliachia koleo.